Tangi la Matumbawe Gizani: Umeme Ukikatika Houston, Kiokolewe Nini Kwanza?

Kila kimbunga kinapoingia Ghuba ya Mexico, wafugaji wa matumbawe wa Houston hurudia swali lile lile na kupewa majibu yanayogongana. Mmoja huambiwa alifunike tangi kwa mablanketi, mwingine aliache wazi kabisa. Wa tatu hushauriwa anunue jenereta, wa nne amimine dawa ya kuoshea vidonda majini. Ajabu ni kwamba karibu ushauri wote huo umewahi kuwa sahihi kwa mtu fulani, siku fulani. Aliyefunga tangi mablanketi mwezi wa Februari huenda aliokoa matumbawe yake. Akifanya vile vile mwezi wa Julai, anaweza kuamka na kukuta samaki wanaelea.

Vurugu hii ina sababu. Watu hubishania vifaa kabla ya kuulizana ni kitu gani kinachoua, na kinaua kwa haraka gani.

Mji mmoja, majanga mawili

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021, saa saba ikiwa imepita kidogo, ERCOT, shirika linalosimamia gridi ya sehemu kubwa ya Texas, liliagiza umeme uanze kukatwa. Dhoruba ya baridi iliyopewa jina Uri ilikuwa imegandisha visima vya gesi, mabomba na mitambo ya kufua umeme, huku mamilioni ya nyumba yakiwasha hita kwa pamoja. Gridi ya Texas imejitenga na gridi nyingine mbili kubwa za Marekani, kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kuikopesha umeme wa kutosha. Ulikusudiwa mgao wa zamu, muda mfupi huku, muda mfupi kule. Upungufu ukawa mkubwa mno, zamu zikakwama, na nyumba zaidi ya milioni 4 zikabaki gizani, nyingine kwa siku tatu au zaidi. Houston, ambako nyumba zimejengwa kupambana na joto, halijoto ilishuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, sehemu kubwa vikiwa vya baridi.

Tarehe 8 Julai 2024 kikatua kimbunga Beryl karibu na Matagorda, pwani ya Texas. Kilikuwa cha daraja la 1 tu, lakini kiliangusha miti na nyaya kiasi cha kuwaacha wateja zaidi ya milioni 2 wa kampuni ya CenterPoint bila umeme, na baadhi yao walisubiri kupita wiki. Safari hii adui alikuwa jua, unyevu, na nyumba zilizofungwa bila kiyoyozi.

Katikati ya majanga hayo mawili limekaa tangi la sebuleni. La ukubwa wa kawaida hubeba lita 400 hivi za maji ya chumvi, mawe yaliyojaa bakteria wanaosafisha uchafu, samaki kadhaa, na matumbawe yanayotaka maji yenye nyuzi 24 hadi 27. Pampu huyazungusha maji, hita huyapasha moto, taa kali huchukua nafasi ya jua. Vyote hivyo hutegemea soketi moja ukutani, na umeme ukikatika vimekatika vyote. Kumbe havilingani hata kidogo kwa umuhimu.

Nini huua, na kwa mpangilio gani

Cha kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, kwa nyuzi 25, hubeba miligramu 8.2 hivi za oksijeni. Maji ya bahari kwa joto hilo hilo hubeba 6.7, na yakifika nyuzi 30 hushuka karibu na 6.2. Akiba ni ndogo tangu mwanzo. Mchana, mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe hutengeneza oksijeni. Giza likiingia nao huanza kuitumia, pamoja na samaki, konokono, kamba na bakteria wa kwenye mawe. Pampu zikisimama, maji ya juu tu ndiyo yanayogusana na hewa, na ya chini hubaki yakiliwa bila kujazwa. Tangi lenye samaki wengi linaweza kuwa hatarini ndani ya saa chache. Lenye samaki wachache laweza kupita usiku mzima.

Ushahidi mkubwa kuliko wowote ulionekana New Orleans, Agosti 2005. Jumba la viumbe wa baharini la mji huo, Aquarium of the Americas, lilistahimili upepo na mafuriko ya kimbunga Katrina. Kisha jenereta ya akiba ikashindwa, wafanyakazi wakalazimika kuondoka, na wengi wa samaki wake 10,000 hivi wakafa. Pengwini, fisi maji wa baharini na kasa mkubwa wa jumba hilo walinusurika. Wanavuta hewa ya juu, na hawakuihitaji pampu.

Hata mwamba wa asili hauna kinga. Zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani ya Texas yapo matumbawe ya Flower Garden Banks, yanayolindwa na serikali ya Marekani. Julai 2016 sehemu ya mwamba wa mashariki ilikufa ghafla, na uchunguzi uliofuata ukanyoosha kidole kwenye maji yenye oksijeni haba.

Cha pili ni halijoto. Maji mengi hupoa na kupata joto polepole. Kwa makadirio, tangi la kioo la lita 400 lenye nyuzi 25, likiwa katika chumba cha nyuzi 10, litapoteza nusu nyuzi hivi kila saa mwanzoni, na kesho yake litakuwa limekaribia nyuzi 16. Tangi la lita 60 litafika huko mapema zaidi. Kwa hiyo baridi humpa mwenye tangi nusu siku au zaidi ya kufikiri, na hufuatana na nafuu moja, kwamba viumbe wanaopoa hupumua kidogo. Joto ni katili zaidi. Matumbawe mengi hustahimili kushuka hadi nyuzi 20 kwa siku moja kuliko kupanda hadi 32, kwa sababu yakizidiwa na joto huutapika ule mwani unaoyalisha na kubaki meupe. Wakati huo huo samaki wanahitaji oksijeni zaidi, na maji yanaibeba kidogo zaidi.

Mwanga uko nyuma kabisa. Siku tatu za giza hazitaua tumbawe lenye afya, wala samaki hatakufa kwa kukosa chakula. Kumlisha ndiko kunakodhuru, kwani kusaga chakula hula oksijeni, na masalio yakioza hula nyingine.

Mpangilio huu si nadharia ya vitabuni. Kutoka Shimoni hadi Kilifi, wapiga mbizi wa pwani ya Kenya huvua samaki hai wa mapambo, wanaosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Samaki hutiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji machache na oksijeni nyingi, mfuko ukafungwa ndani ya boksi linalozuia joto. Hukaa humo gizani bila chakula, bila hita wala chujio, mpaka safari iishe, na aghalabu hufika hai. Biashara hiyo ilikwisha kutoa jibu ambalo wenye matangi wanaendelea kulibishania: oksijeni ije kwanza, halijoto ifuate, na mengine yasubiri.

Mlango mmoja kwa hewa na joto

Hapa ndipo ulipo mgongano halisi wa jambo zima, na ndipo ushauri wa "funika" na "usifunike" unapotoka. Uso wa maji ni mlango mmoja unaopitisha vitu viwili. Oksijeni huingia hapo, na joto hutoka hapo hapo, hasa kwa njia ya mvuke. Wakati wa baridi mwenye tangi anataka mlango ufungwe kwa ajili ya joto na ufunguliwe kwa ajili ya hewa. Hawezi kuvipata vyote kikamilifu. Wakati wa kiangazi matakwa yote mawili huelekea upande mmoja: fungua, tikisa maji, puliza feni, oksijeni iingie na joto litoke.

Kwa hiyo aliyesema "funika" Februari 2021 alikuwa sahihi nusu tu. Kuta nne, na chini panapofikika, zifungwe mablanketi au vipande vya povu gumu, kwa sababu kioo hakiingizi hewa hata kikiachwa wazi. Juu paachwe nafasi, na mapovu yapite polepole. Kadirio langu ni kwamba hatua hiyo huweza kupunguza upotevu wa joto kwa karibu nusu, na kulibakiza lile tangi la lita 400 karibu na nyuzi 19 baada ya siku nzima badala ya 16. Kwa matumbawe mengi hiyo ndiyo tofauti kati ya kuumwa na kufa.

Hoja ya jenereta

Wanaoitetea jenereta wana nguvu moja isiyopingika: ndicho kifaa cha bei ya kadiri kinachoweza kubeba hita. Jenereta ndogo ya wati 2,000 hutumia lita 4 hivi za petroli kwa saa nane ikiwa haijalemewa, na humudu tangi, friji na taa kwa pamoja. Kwa janga la siku tano ni vigumu kuishinda.

Udhaifu wake huonekana pale inapohitajika zaidi. Haiwashwi kimbunga kikiwa bado kinavuma, na katika saa hizo hizo oksijeni inaisha. Vituo vya mafuta visivyo na umeme havipampu petroli. Wapangaji wa ghorofani mara nyingi hawana pa kuiweka. Na inaua watu. Katika dhoruba ya Uri, Texas ilishuhudia wimbi kubwa la sumu ya kaboni monoksidi. Waandishi waliofuatilia suala hilo walihesabu zaidi ya watu 1,400 waliokimbilia matibabu, wengi wao wakiwa wamewasha jenereta, majiko ya mkaa au magari ndani ya nyumba na gereji. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Mamlaka za usalama za Marekani husisitiza jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekezwa mbali na milango na madirisha. Anayeiingiza gereji ili samaki wake wasife anahatarisha wanaolala chumba cha pili. Sioni mizani yoyote inayoweza kulihalalisha hilo.

Hoja ya betri

Mabishano mengi yangekwisha kama watu wangefanya hesabu. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa, ile ambayo mafundi wa sola Afrika Mashariki huiita N100. Ina wati 1,200 za saa moja. Pampu ndogo ya kuzungusha maji hutumia wati 12 hivi. Betri ya asidi, isiyofaa kukaushwa zaidi ya nusu, itaiendesha saa 50. Ya lithiamu itakaribia saa 100. Hizo ni siku mbili hadi nne za uhai, bila kelele, bila moshi, na huanza papo hapo umeme unapokatika hata kama mwenye nyumba yuko kazini au amehamishwa na kimbunga.

Sasa iunganishe na hita. Kulishikilia lile tangi la lita 400 kwenye nyuzi 25 ndani ya chumba cha nyuzi 10 kunahitaji wati 250 hivi mfululizo. Betri ile ile ya lithiamu itaisha kabla ya saa tano. Kwa siku nzima zingehitajika tano za namna hiyo, na kesho yake nyingine tano. Betri kubwa za ukutani, kama ile ya Tesla yenye kilowati 13.5 za saa moja, zinaweza, lakini hugharimu maelfu ya dola, na familia iliyo nayo ina mambo ya kuyapa kipaumbele kabla ya samaki.

Matokeo yake ni kwamba kuzungusha maji ni rahisi na kuyapasha moto ni ghali, kwa tofauti ya karibu mara 20. Anayesema betri hazifai kwa tangi la matumbawe huwa alizifunga kwenye hita. Anayesema zinatosha kwa kila kitu hajapitia Februari ya Texas.

Jua nalo lina upande wake. Siku za baada ya Beryl zilikuwa angavu, na paneli ya wati 100 iliyowekwa vizuri Julai inaweza kurudisha nguvu za kuendesha pampu hiyo usiku na mchana. Katika Uri baadhi ya paneli zilifunikwa na theluji.

Ipo pia pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kavu mbili kubwa. Bei yake ni ya mlo mmoja wa hotelini, hutoa mapovu siku nzima au zaidi, na nyingine hujiwasha zenyewe umeme ukikatika. Inashangaza jinsi mtu anavyoweza kununua taa za mamia ya dola na kukosa kifaa hiki.

Hoja ya mikono mitupu

Wapo wanaoona vifaa vyote hivyo ni anasa na kwamba maji ya moto, barafu na kikombe vinatosha. Wasidharauliwe, ila wapimwe kwa namba.

Chupa ya lita 2 yenye maji ya nyuzi 80, ikielea tangini mpaka ipoe, huyaongezea maji ya lita 400 chini kidogo ya theluthi ya nyuzi moja. Kilo moja ya barafu huyapunguzia kiasi hicho hicho. Maana yake ni kwamba kukabiliana na upotevu wa nusu nyuzi kwa saa kunahitaji chupa mbili kila saa, usiku kucha. Inawezekana kwa usiku mmoja kama nyumba ina jiko la gesi na watu wawili wa kupokezana. Kwa siku tatu ni mateso. Kwa tangi dogo, hata hivyo, hesabu hugeuka: katika lita 60 chupa hiyo moja hupandisha karibu nyuzi 2, na hapo hatari huwa kuzidisha kwa ghafla.

Kiangazi barafu huadimika haraka, maana friji zenyewe zimezimika. Lakini lita moja ya maji ikiondoka kwa mvuke huchukua joto la kushusha lita 400 kwa nyuzi 1.5, sawa na kilo tano za barafu. Feni ndogo ya betri inayopuliza juu ya maji huharakisha kazi hiyo kwa wati chache. Unyevu wa Houston huipunguza kasi bila kuifuta. Kilichopotea kirudishwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haitoki na mvuke. Wakati wa Uri hata hilo lilikuwa gumu: presha ya mabomba ilianguka, na wakazi wakaambiwa wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Ndoo za akiba zilizojazwa mapema zilikuwa na thamani.

Kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu huingiza hewa, na kwa saa mbili tatu ni njia halali. Udhaifu wake ni usingizi, na oksijeni hushuka zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Ile dawa ya vidonda, haidrojeni peroksaidi, huachia oksijeni kweli, lakini kamba huathirika nayo mapema, na kipimo kikizidi kidogo madhara huenea. Ibaki kuwa njia ya mwisho kwa anayejua kupima.

Hoja ya kulibadili tangi lenyewe

Kundi la nne husikika kidogo, na nadhani ndilo lenye busara zaidi. Linauliza kwa nini tangi lijengwe kana kwamba umeme haukatiki, katika mji ambao mwaka 2024 peke yake ulipigwa na dhoruba kali ya Mei na kimbunga cha Julai. Punguza samaki, na saa chache za usalama huongezeka kuwa usiku. Chagua matumbawe laini badala ya yale ya matawi membamba, kama Acropora, ambayo aghalabu hutangulia kufa. Pendelea tangi kubwa lenye viumbe wachache. Hakikisha pampu ikisimama maji hayarudi na kufurika sebuleni. Epuka chujio la chupa lililofungwa, kwa sababu bakteria wake hukosa hewa, na umeme ukirudi humwaga uozo tangini. Likiwapo, lioshwe kabla ya kuwashwa.

Gharama ya hoja hii iko kwenye uzuri. Matumbawe yanayovutia zaidi ndiyo dhaifu zaidi, na tangi lenye samaki watatu halisisimui kama lenye kumi na watano. Wengi hawako tayari kwa hilo, na ni haki yao. Ila wajue kwamba kila samaki wa ziada amenunuliwa pamoja na saa zilizopungua usiku wa giza.

Kwa kupima yote

Fedha za kwanza ziende kwenye pampu ya hewa ya betri kavu, na za pili kwenye betri ya kuzungusha maji, kwa sababu hizo hufanya kazi katika majira yote mawili na humlinda hata asiyekuwepo nyumbani. Baada ya hapo njia hutengana. Anayeogopa Februari anunue povu la kuzungushia kuta na atafute chanzo cha maji ya moto. Anayeogopa Julai anunue feni na paneli. Jenereta ije nyuma, kwa mwenye uwanja, mafuta yaliyohifadhiwa salama na king'ora cha kaboni monoksidi ndani, na iendeshe hita na friji huku betri ikiendelea na pampu. Umeme ukirudi, hita isiwashwe kabla ya kuhakikisha imezama majini, na maji yapandishwe joto polepole.

Mpangaji wa ghorofa ya tatu mwenye tangi la lita 60 mwezi wa Julai, chumba kikiwa nyuzi 33 na CenterPoint haijataja tarehe, hana kifaa cha bei nafuu kitakachomfikisha wiki. Kwake njia ni ile ya wasafirishaji wa Kilifi: mifuko safi, maji machache, hewa nyingi, boksi la kubebea vinywaji baridi, na rafiki mwenye umeme upande mwingine wa mji. Safari hiyo ianze siku ya kwanza, maji yakiwa bado nyuzi 28 na samaki wakiwa na nguvu za kuistahimili.